Anayerudi kwenye Mawimbi Mafupi Anunue Redio Gani?

Wako watu wengi katika Afrika ya Mashariki ambao, walipokuwa wanafunzi katika miaka ya 1970 na 1980, walikesha na redio sikioni wakizitafuta stesheni za mbali. Wengine waliandika katika madaftari saa, mita na lugha ya kila stesheni waliyoinasa, kisha wakapeleka barua ng'ambo na kurejeshewa kadi zenye picha, za kuthibitisha kwamba walisikia sawasawa. Baadaye zikaja kazi, watoto, televisheni na simu za mkononi, na redio ikabaki juu ya kabati ikikusanya vumbi. Sasa baadhi yao wamestaafu, nafasi wanayo, na wanataka kuirudia shughuli ile. Aghalabu jambo la kwanza wanalolifanya ni kununua redio. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Anayerudi hununua kwa kumbukumbu. Huitafuta ile redio aliyoitamani ujanani na asiweze kuigharimia: labda Grundig Satellit, labda Sony ICF-2001D iliyotoka mwaka 1985 na ambayo hata leo huuzwa mkono wa pili kwa bei ya kushangaza. Lakini anga aliyoiacha siyo anayoirudia. Kituo cha Kigali, kilichoirushia Deutsche Welle matangazo tangu mwaka 1965, kilifungwa Machi 2015. Kituo cha BBC cha Shelisheli, kilichofunguliwa mwaka 1988 na kuielekea Afrika ya Mashariki, kilifungwa Machi 2014. Redio ya Uholanzi iliacha mawimbi mafupi mwaka 2012, na ya Australia mwaka 2017. Mtu wa Mwanza au Bujumbura aliyezoea kupata sauti nene kutoka mtambo wa jirani, leo hana budi kuitegemea sauti nyembamba iliyosafiri kutoka Ulaya au Asia. Si kwamba mawimbi mafupi yamekufa, kama wanavyosema wepesi wa kuzika. Radio New Zealand, kwa mfano, ilijipatia mtambo mpya wa mawimbi mafupi mwaka 2024. Lakini stesheni zimepungua, na zilizobaki nyingi ziko mbali.

Kwa upande wa pili, makelele yameongezeka. Katika nyumba ya mwaka 1980 vyombo vya umeme vilikuwa taa za nyuzi, pasi na pengine jokofu. Katika nyumba ya leo kila chaja ya simu, kila taa ya LED ya bei nafuu, na kila kigeuzi cha umeme wa jua huukatakata umeme mara maelfu kwa sekunde, na ukataji huo huzaa mawimbi yanayosambaa katika mita zilezile ambazo msikilizaji anazitafuta. Redio iliyo bora kuliko zote duniani haiwezi kuitenga stesheni dhaifu na makelele yaliyo juu yake katika masafa yaleyale. Itayapokea yote mawili kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo yafaa anayerudi aanze na kipimo kisichogharimu kitu. Aazime redio yoyote yenye mawimbi mafupi, au aiteremshe ile ya kabatini, aitie betri mpya na kuifungua usiku karibu na mita 49, mahali pasipo na stesheni. Kisha azime umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. Ikiwa mngurumo umeshuka ghafula, adui yumo ndani, na anaweza kupatikana kwa kuwasha chombo kimoja kimoja. Ikiwa haukushuka, atoke nje na redio mkononi, aende hatua thelathini au hamsini mbali na nyumba na nguzo za umeme. Akiisha kufanya hivyo atajua kama shida yake ni redio au ni chaja ya jirani. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kulifanya jaribio hili jioni moja, wakachora ramani ya makelele ya shule yao, na watakuwa wamejifunza habari za sumakuumeme kwa masikio yao.

Baada ya hapo ndipo swali la redio lina maana. Zipo sifa ambazo matangazo ya biashara huzipigia tarumbeta bila sababu. Idadi ya bendi, kwa mfano, si kitu. Redio yenye bendi 12 inaweza kuwa mbovu kuliko yenye bendi 2. Cha kwanza cha kutazama ni jinsi redio inavyoyaonyesha masafa. Redio nyingi za zamani zenye mshale zilibeba megahezi 6 hadi 18 katika sahani ya sentimeta kumi hivi. Hizo ni kilohezi 12,000. Kila milimeta moja ikabeba wastani wa kilohezi 120. Na kwa kuwa stesheni hupangwa kwa hatua za kilohezi 5, ndani ya milimeta hiyo moja mna nafasi 24. Ndiyo maana kijana wa zamani alihitaji vidole vya fundi saa. Redio inayoonyesha tarakimu humwambia msikilizaji kwamba yuko kilohezi 9,600 na si penginepo, na katika anga yenye stesheni chache hilo ni jambo kubwa, maana anayejua saa na masafa anaweza kungoja mahali hasa panapostahili.

La pili ni stesheni za uongo. Redio karibu zote hutumia mpango wa superheterodaini uliobuniwa na Edwin Armstrong mwaka 1918: wimbi linaloingia huchanganywa na wimbi linalotengenezwa ndani ya redio yenyewe, na tofauti yao, ambayo kwa kawaida ni kilohezi 455, ndiyo inayokuzwa. Tatizo ni kwamba tofauti hiyo hupatikana kwa njia mbili. Redio ikiwekwa kwenye kilohezi 11,000, wimbi la ndani huwa 11,455. Na stesheni yenye nguvu iliyo 11,910 nayo iko mbali na 11,455 kwa kilohezi 455 zilezile. Basi husikika mahali ambapo haipo. Bila shaka baadhi ya "stesheni mpya" zilizoandikwa kwa furaha katika madaftari ya zamani zilikuwa vivuli vya namna hiyo. Redio iliyotengenezwa kwa uangalifu hulipandisha wimbi kwanza hadi kwenye megahezi 55 hivi, ambako kivuli chake kinakuwa mbali mno, kisha hulishusha. Nyingine za leo hufanya hesabu hiyo ndani ya kijipande kimoja cha silikoni, na ndiyo sababu redio ndogo kutoka China, kama zile za Tecsun na XHDATA, zinaweza kufanya kwa bei ya wastani kazi iliyokuwa ya redio za kifahari.

La tatu ni uwezo wa kuubana upana wa upokeaji, ili stesheni iliyo kilohezi 5 pembeni isiingilie, pamoja na uwezo wa kusikiliza mawasiliano ya ubavu mmoja ambayo huyatumia wapenzi wa redio wenye leseni, ndege na meli. Bila uwezo huo, mazungumzo yaliyo kati ya kilohezi 7,000 na 7,200 husikika kama bata wanaogombana. Katika nyakati hizi ambapo watangazaji wamepungua, kuikosa sehemu hiyo ni kujinyima nusu ya karamu.

Kuhusu umeme, redio inayotumia betri za kawaida za dukani ifikiriwe kabla ya ile yenye betri ya namna yake peke yake. Redio nyingine ndogo hutumia betri ya simu aina ya BL-5C, nayo hupatikana kwa urahisi. Betri ya umbo la ajabu ikifa, redio nayo hufa. Tena, kusikiliza huku redio ikichomekwa kwenye chaja ni kumkaribisha yule adui ndani ya redio yenyewe.

Fedha inayobaki ni afadhali iende kwenye waya. Meta kumi za waya wa kawaida uliopita juu ya paa, au kati ya miti miwili iliyo mbali na nyumba, huleta faida kuliko tofauti ya bei kati ya redio nzuri na nzuri zaidi. Hapa tahadhari mbili zinahitajika. Redio ndogo hulemewa na waya mrefu, stesheni zikaanza kuchanganyikana. Dawa yake ni kuupunguza. Na mvua ya radi ikinukia, waya utolewe kwenye redio na kutupwa nje, kwa maana transista ya kwanza ndani ya redio huuawa hata na umeme tuli, sembuse radi.

Jua nalo lina sauti katika uchaguzi huu. Tabaka la D la ionosfera, lililo kilometa 60 hadi 90 juu, hufyonza masafa ya chini wakati wa mchana na kutoweka usiku. Matabaka ya F, yaliyo kilometa 200 na zaidi, hurudisha masafa ya juu kadiri jua linavyoyachaji. Kilele cha mzunguko wa sasa wa madoa ya jua kilifika mwaka 2024. Kwa hiyo katika miaka inayofuata mita 13 na 16 zitafifia, na mita 31, 41 na 49 ndizo zitakazobeba mzigo, hasa usiku. Anayenunua leo aipime redio katika mita hizo.

Watakuwapo wanaouliza: kwa nini taabu yote hii, ikiwa Chuo Kikuu cha Twente huko Uholanzi kinamruhusu mtu yeyote kuitumia redio yao kwa intaneti? Ni chombo kizuri, na mwalimu asisite kukitumia darasani. Lakini kinachosikika humo ni anga ya Uholanzi. Anga ya Songea au Ukerewe haimo. Aidha Kimbunga Idai kilipoipiga Beira mwezi Machi 2019, mawasiliano ya mji yalikatika pamoja na umeme. Redio ya betri nne haihitaji mnara wa karibu wala kifurushi, na mtambo wa kurusha unaweza kuwa ng'ambo ya bahari, mbali na dhoruba.

Shule yenye fedha za redio moja tu inunue ya kadiri, yenye tarakimu na yenye kupokea ubavu mmoja, iongeze waya na daftari la kuandikia, na ile kubwa ya kifahari iwaachie wakusanyaji.