Mbinu Isiyozoeleka si Kosa, wala si Sifa

Sisi tulio madarasani na maofisini tunasumbuliwa na ugonjwa mmoja wa hukumu: tunaikataa mbinu kwa sababu hatujaizoea, kisha uvivu huo wa kufikiri tunauita utaalamu. Nitauonyesha kwanza kwa mfano ambao baadhi ya wenzangu watauona wa kitoto, yaani mchezo wa kompyuta wa Pokémon, kisha nitaupeleka mashambani Buigiri, wilayani Chamwino, ambako gharama yake hailipwi na watoto peke yao.

Katika mashindano makubwa ya mchezo huo, kila mshindani huja na viumbe sita, huchagua wanne kwa kila pambano, na wawili husimama uwanjani kwa wakati mmoja. Nguvu za kila kiumbe hujulikana kwa tarakimu, hivyo wachezaji hupiga hesabu na kutengeneza orodha za viumbe wanaotumiwa zaidi. Asiyekuwamo katika orodha hizo huhesabiwa kuwa pambo tu. Mmoja wao alikuwa Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye mashambulizi yake ni hafifu. Mwezi Agosti 2014, mjini Washington, kijana wa Korea Kusini aitwaye Sejun Park alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na kindi huyo kikosini.

Je, ilikuwa bahati? Tazama kazi aliyopewa. Park alitegemea pia Gyarados, kiumbe mwenye nguvu nyingi lakini anayeumizwa mno na umeme. Pachirisu ana uwezo wa kuyavuta mapigo ya wapinzani yamwelekee yeye, na umeme haumdhuru, bali humrudishia uhai. Ana pia pigo linalokata nusu ya uhai uliobaki wa adui, hata kama mwenyewe ni dhaifu. Waliomdharau walikuwa sahihi kuhusu tarakimu zake. Kosa lao lilikuwa kumpima ngao kwa kipimo cha mkuki.

Hata hivyo, anayemnakili Park kwa kumweka Pachirisu katika kikosi kisicho na mwenzi wa kulindwa atapigwa, na atastahili kupigwa. Ushindi mmoja haubatilishi orodha nzima. Ndiyo maana nasema mbinu isiyozoeleka inapaswa kuulizwa maswali matatu. Imepewa kazi gani? Inafanya kazi katika mazingira gani? Na je, nafasi iliyoichukua ingeweza kujazwa na kitu gani bora zaidi? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa sana, kwa sababu mbinu inaweza kufanya kazi na bado ikawa duni kuliko ile iliyoachwa.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, jirani kabisa na Chamwino. Matrekta yaliletwa, na wataalamu na mipango vilikuwapo. Kilichokosekana ni kuiuliza ardhi. Udongo wa mfinyanzi uligeuka mgumu kama saruji kiangazi kilipofika, na mvua haikufuata ratiba ya ofisini. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Hiyo ndiyo mbinu iliyokuwa na heshima zote za kitaalamu. Wagogo walioonekana kuwa nyuma walikuwa wakiishi katika nchi hiyohiyo kwa mtama, uwele na mifugo.

Mtu anaweza kudhani kwamba sasa tumejifunza. Leo hukumu imegeuka upande, lakini ugonjwa ni uleule. Kanda hii hupata msimu mmoja wa mvua, takribani kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi hukatizwa na ukame katikati. Kwa sababu hiyo, kwa miongo mingi mkulima amehimizwa apande mtama na uwele. Ushauri huo una msingi. Lakini mkulima anapopanda mahindi, tunamwita mkaidi na kufunga faili.

Muulize maswali matatu. Mtama na uwele hushambuliwa na kwelea kwelea, na shamba lisilolindwa linaweza kumalizwa na ndege. Kulinda kunahitaji watu wa kushinda shambani, na watu hao zamani mara nyingi walikuwa watoto, ambao leo tunataka wawe shuleni. Kuna pia kazi ya kupura na kukoboa, na kuna soko linalopokea mahindi kwa urahisi zaidi. Mama mwenye mikono miwili anayepanda mahindi bondeni, ambako unyevu hukaa, na mtama mchache karibu na nyumba, hajapuuza mvua. Ameiweka katika hesabu pamoja na ndege, shule na soko. Afisa aliyehesabu mvua peke yake ndiye mwenye hesabu pungufu.

Wanaharakati wasishangilie mapema, kwani nao wana ugonjwa huu kwa sura nyingine. Wao huona kila desturi ya kijijini kuwa hekima iliyofichika. Chukua kuberega, yaani kusafisha shamba na kupanda bila kulima. Mbinu hiyo ina sababu yake: asiye na ng'ombe wa kulimia huiwahi mvua ya kwanza. Lakini ardhi isiyofunguliwa huacha maji mengi yatiririke, na katika nchi kame maji yaliyopotea ni chakula kilichopotea. Kuisifu kwa sababu ni ya wenyeji ni sawa na kumnakili Pachirisu bila Gyarados. Swali la haki ni hili: familia hiyo ikipata jembe la ng'ombe kwa wakati, bado itaberega?

Kwa hiyo nawataka watumishi wa umma wasiandike neno "ukaidi" katika taarifa yoyote kabla ya kuandika idadi ya mikono, majembe na ndege. Wanafunzi wanaofanya utafiti wasimpime mkulima kwa mavuno ya mwaka mmoja mzuri, bali wauchunguze pia mwaka mbaya, kwa sababu mbinu nyingi za nyanda hizi hazikubuniwa ili kushinda mwaka mzuri. Zilibuniwa ili familia isifutwe na mwaka mbaya. Na wanaharakati waache kumtetea mkulima kwa mashairi huku wakimnyima takwimu.

Kijana akikosea kuhukumu kikosi cha Pokémon, huzima mashine na kuanza upya. Ofisi ikikosea kuhukumu shamba la Buigiri, anayelipa ni mtu mwingine, na hulipa mwezi wa pili, ghala likiwa tupu na mavuno mapya yakiwa bado mbali.