Mazingaombwe ukubwani

Wengi wetu tuliyaona mazingaombwe shuleni: jamaa anavuta kitambaa kirefu mdomoni, sisi tunapiga makofi. Leo ukiwaambia majirani Mbagala kuwa unajifunza mchezo huo na miaka yako 45, watauliza kama umeanza uchawi.

Umri si kikwazo. Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa wa Ufaransa, alifungua ukumbi wake wa mazingaombwe jijini Paris mwaka 1845 akiwa na miaka 39.

Mzazi, anzia sebuleni na sarafu ya shilingi 200. Jifanye unaihamishia mkono wa kushoto, kumbe imebaki wa kulia. Siri iko machoni: ukiutazama mkono wa kushoto, mtoto naye atautazama huo huo. Fanya mazoezi mbele ya kioo mpaka vidole vizoee.

Ukishamshangaza, mwonyeshe ulivyofanya. Wenye kazi yao huficha siri, lakini wewe mfichulie mwanao. Mtoto anayejua jinsi macho yanavyodanganywa hatakuwa mwepesi kumpa nauli yake mcheza karata tatu wa Kariakoo, wala kumwamini tapeli anayedai kuzalisha noti. Na uchawi hatausingizia.