Kompyuta Ihemayo kwa Kazi Ndogo

Mwezi huu twayaacha kidogo mazungumzo yetu ya malezi, tukitazame chombo ambacho siku hizi kimo katika nyumba nyingi za hapa Pemba, nacho ni kompyuta ya kupakata. Sisi si mafundi wa vyombo hivi. Elimu yetu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi. Walakini jambo hili lilitukuta darasani, ikawa hapana budi kulitafutia dawa.

Chuoni kwetu ipo kompyuta moja, ambayo vijana huisikilizia kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, yule aliyeirekodi Qur'ani nzima kwa tartili mwaka 1961. Watu wa tajwidi wajua kwamba ziko herufi kumi za hamsi, ambazo pumzi hupita zinapotamkwa, kama sini na fa na ha. Basi sauti ya herufi hizo ni pumzi, na sauti ya feni ya kompyuta nayo ni pumzi. Kaskazi iliyopita feni ile ilivuma hata waliokaa nyuma hawakuweza kupambanua herufi na upepo. Tulimsahihisha kijana mmoja mara tatu, mwisho akatujibu kwa adabu, "Maalim, mimi nasikia feni tu." Wala hakusema uongo.

Mwenzake akashauri tuichomoe feni. Tukamkataza pale pale, kwa kuwa tulikwisha kuliona hilo kwa jirani yetu. Yeye alimnunulia binti yake kompyuta iliyotumika kwa pesa za karafuu, apate kujisomea kwa ajili ya mtihani. Kelele zilipomuudhi akaipeleka kwa fundi, naye fundi akaikata feni. Mashine ilinyamaza kweli. Kisha ikawa yajizima yenyewe kila baada ya dakika chache, na kabla mtihani haujafika ikawa haiwaki tena. Mtoto yule alirudi kwenye madaftari ya kuazima.

Yafaa basi tujue joto hutoka wapi. Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho prosesa, ndicho kifanyacho hesabu zote, na umeme kinaoula huishia kuwa joto. Tena kikitaka kwenda mbio zaidi huhitaji msukumo mkubwa zaidi wa umeme, kwa hiyo joto hupanda haraka kuliko mbio zenyewe. Prosesa iliyoandikiwa mwendo wa gigahezi 1.6 yaweza kuruka ikapita 3 kwa muda, ati kwa sababu mtu amefungua ukurasa mmoja tu. Ni kama punda wa mzigo anayetimuliwa mbio kupeleka kikapu cha mayai. Feni nayo haina baridi ya kwake. Hupuliza hewa ile ile iliyomo chumbani. Katika kaskazi, hewa yetu ikiwa na joto la nyuzi 32, yaipasa kufanya kazi kubwa kuliko katika nchi za baridi. Joto la ndani likikaribia nyuzi 100, prosesa nyingi hujipunguza mwendo zenyewe zisiungue.

Dawa ni kuiambia mashine iende kwa miguu. Katika kompyuta za Windows, fungua mipangilio, uingie penye mambo ya mfumo, kisha penye umeme na betri. Hapo utakuta machaguo matatu: kuhifadhi umeme, wastani, na nguvu zote. Yetu ilikuwa imewekwa nguvu zote, wala hatujui nani aliiweka hivyo. Angalia kwamba katika mashine nyingi kuna hesabu mbili mbalimbali, moja ya wakati wa chaja na moja ya wakati wa betri. Ndiyo sababu baadhi ya watu husema mashine yao hupiga kelele ikichomekwa tu. Wamerekebisha hesabu moja wakaisahau ya pili.

Likiwa hilo halikutosha, mashine nyingi za Windows, hasa za zamani kidogo, zina mipangilio ya ndani zaidi ya umeme, ambamo huwekwa kiwango cha juu cha prosesa. Kimeandikwa asilimia 100. Kishushe kiwe 99. Msomaji atacheka kwamba moja ni kitu gani. Lakini katika prosesa nyingi moja hiyo huzuia ile miruko, ikabaki na mwendo wake wa asili. Sisi tulifanya hivyo, na siku hizi darasa hupita na feni isisikike ila mara chache. Kasoro yake ni kwamba kurasa nzito hufunguka polepole, na kijana anayetengeneza picha za video itambidi arudishe 100 kwa saa zile.

Kisha tazameni ni programu zipi zinazokula umeme kwa siri. Bonyezeni vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtaiona orodha yao.

Mipangilio haitamfaa mtu anayeiweka mashine juu ya godoro, kwa kuwa katika nyingi matundu ya hewa yako chini, na godoro huyaziba. Kijana wetu mmoja aliipandisha juu ya marufaa. Tukaiteremsha, kwani marufaa ni ya msahafu. Tulichonga vijiti viwili vya mbao, vyatosha.

Wala mtu asidhani tukuza yake itadumu mwezi mzima kwa haya. Kompyuta ya kupakata hula umeme mdogo, na faida hapo ni ndogo. Faida iliyo kubwa huonekana umeme ukikatika, betri ikavuta hadi darasa liishe. Wakubwa wetu wayakumbuka majenereta ya dizeli ya Wesha, kabla ya mwaka 2010 ulipoletwa umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Waya ule umetufaa sana, lakini kukatika umeme bado kupo.

Imebaki mashine ya pili, ya mwalimu mwenzetu, ambayo tumeirekebisha yote haya nayo ingali ikinguruma. Twaona vumbi limejaa ndani. Tumepata brashi laini, na Alhamisi, chuo kikifungwa, tutaizima, tuitoe betri, tuifungue.