Mche Uulizwe Mama Yake

Mwezi uliopita mwanachama mmoja wa Wete alitujia na barua ya kijana wake mkononi. Kijana huyu ni mwalimu huko Sola, katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, mbali kabisa na harufu ya karafuu. Aliandika kwamba yeye na walimu wenzake wawili wamekusudia kulima stroberi za kuuza, tena ekari nzima kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa wamesikia mahoteli ya Mwanza yanazitaka na bei yake ni nzuri. Mtu mmoja amekwisha waahidi miche kutoka nje ya nchi. Italetwa kwa basi, ndani ya maboksi, na picha ya tunda wamekwisha onyeshwa: kubwa kama yai la kuku. Mwisho wa barua aliandika hivi: "Baba, ninyi huko mmeishi kwa zao la biashara tangu zamani za babu. Tuchague mche gani?"

Baadhi ya wenzetu walicheka. Wakasema, karafuu na stroberi wapi na wapi? Lakini sisi twaona swali la kijana huyu ni letu pia, na kwamba hatulijibu vizuri hata hapa kwetu, ambako kila mwaka watu hutoa fedha zao kununua miche wasiyoijua ilikozaliwa. Kwa hiyo tumeomba ruhusa ya mzee wetu tumjibu kijana katika ukurasa huu, wanachama wote wasome.

Tuanze na ile picha ya tunda kubwa. Mwaka 1712 mfalme wa Ufaransa alimtuma mhandisi mmoja wa jeshi, Amédée-François Frézier, kwenda Chile na Peru kupeleleza ngome za Wahispania. Huko Chile akaona stroberi ambazo matunda yake yalikuwa makubwa kuliko yote aliyoyajua Ulaya. Naye akafanya kama angalivyofanya yeyote katika sisi: akachagua miche iliyokuwa imezaa matunda makubwa, akaipakia chomboni, akarudi nayo mwaka 1714. Miche mitano ndiyo iliyofika hai. Ikapandwa, ikastawi, ikatoa maua, wala haikuzaa. Miaka ikapita, watu wakashangaa. Sababu yake ni kwamba stroberi ya Chile ina mche dume na mche jike, kama mpapai, na Frézier kwa kuchagua yenye matunda tu alikuwa amechukua majike matupu. Haikuzaa sawasawa mpaka wakulima wa Brittany walipoipanda karibu na stroberi za aina nyingine, hasa ile iliyotoka Virginia, zikaipa chavua. Mwaka 1766 mtaalamu kijana, Antoine Nicolas Duchesne, alieleza jambo hilo waziwazi. Stroberi zote kubwa zinazouzwa leo duniani ni watoto wa ndoa hiyo ya Chile na Virginia, na aina zinazolimwa siku hizi kwa kawaida zina dume na jike katika ua moja, basi kwa upande huo kijana wetu asiwe na hofu. Tumeitaja habari hii kwa kuwa Frézier hakudanganywa na mtu. Aliona tunda kwa macho yake, akalionja, na bado alikosea, kwa sababu hakuujua mmea wenyewe. Sembuse mwenye kuonyeshwa picha.

Sasa, aina. Wauzaji watamtajia Chandler, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983. Watamtajia Camarosa na Albion, nazo za chuo hicho hicho. Watamwambia kwamba Albion ni bora kwa kuwa haijali urefu wa siku, na hizo nyingine hutoa maua siku zikiwa fupi. Maneno hayo ni ya kweli huko California, ambako siku za kiangazi ni ndefu mno. Lakini Sola iko karibu na mstari wa Ikweta, na siku zake zina saa kama kumi na mbili mwaka mzima. Aina inayotaka siku fupi huipata kila siku! Kinachokosekana Sola ni ubaridi. Stroberi hupenda usiku wa baridi na mchana usiozidi joto la nyuzi 25 hivi. Joto likipanda sana huacha kutoa maua ikaanza kutambaa tu, ikizaa majani na marando badala ya matunda. Ndiyo maana ukizitafuta Afrika Mashariki utazikuta kwenye nyanda za juu, kama Limuru na Lushoto, ambako watu huvaa sweta asubuhi. Sola ni nchi ya pamba, mtama, viazi vitamu na ng'ombe. Mvua yake huanza Novemba hivi na kukatika Mei, na jua la baada ya hapo kijana wetu analijua kuliko sisi. Mizizi ya stroberi ni mifupi, haiendi chini kutafuta maji, basi hunyweshwa karibu kila siku. Na maji ya bwawa la New Sola ni ya kunywa ya mji wa Maswa.

Hatusemi haiwezekani. Twasema kwamba anayeuza miche bila kuuliza itapandwa wapi, huyo anauza maboksi.

Tena kijana ana bahati asiyoijua. Jirani zake ni wakulima wa pamba, na mkulima wa pamba wa Simiyu hahitaji mtu wa visiwani kuja kumfundisha habari za mbegu. Kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimechagua mbegu za pamba tangu miaka ya 1930, na aina zake hupewa herufi UK. Waliokuwa wakichagua hawakutazama uzuri wa pamba peke yake. Walitaka majani yenye manyoya, kwa kuwa yako vijidudu warukao wanaonyonya majani, na manyoya huwazuia wasitue vizuri. Jani la namna hiyo halina sura ya kupendeza, lakini ndilo lililoifanya pamba ilimike bila mkulima kumaliza fedha kwenye dawa.

Na mbegu mpya haikutawanywa ovyo. Ilipandwa kwanza katika eneo dogo, pamba yake ikachambuliwa kwenye kiwanda cha eneo hilo, mbegu zikapelekwa eneo la pili, kisha la tatu, na kila mwaka mbegu ya zamani ikisukumwa nje, mpaka nchi nzima ya pamba imeenea mbegu moja safi. Utaratibu huo ulitaka subira na uaminifu. Biashara ya pamba ilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi wakapata ruhusa ya kununua popote. Faida zilikuwapo, na wakulima waliochoka kungoja malipo walizifurahia. Lakini malori yakavuka mipaka ya maeneo, pamba ya huku ikachambuliwa pamoja na ya kule, na mbegu zilizorudi kwa mkulima zikawa mchanganyiko. Ugonjwa wa mnyauko wa Fusarium, ambao husafiri ndani ya mbegu na kukaa ardhini miaka mingi, ukapata usafiri wa bure. Ilipokuja aina ya UKM08, uzalishaji wa mbegu safi ulipelekwa Igunga, mbali na mashamba yenye mnyauko. Basi jirani wa kijana wetu akiulizwa kwa nini anataka kujua gunia la mbegu limetoka wapi, ana jibu lililomgharimu.

Stroberi ni hatari zaidi kuliko pamba kwa jambo hili. Haipandwi kwa mbegu. Hutoa kamba za kutambaa, na kila kamba ikigusa udongo hutoa mche mdogo, na mche huo ni mama yake yule yule, damu ile ile. Mama akiwa na virusi vilivyoletwa na vidukari, watoto wote wanavyo. Akiwa na ukungu wa kuoza shina, watoto huondoka nao kitaluni. Wala usidhani utauona ugonjwa siku ya kununua. Mche wenye virusi waweza kuwa kijani na wa kupendeza, ukazaa nusu tu ya ulichotegemea, nawe ukalaumu mbolea.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwalimu ni hili. Amwulize muuzaji mche huu ni binti wa mama gani, na mama yuko wapi. Mama mzuri hutunzwa kwa kazi ya kuzaa miche tu, maua yake yakikatwa, naye mwenyewe awe ametoka maabara au kitalu kilichokaguliwa. Kisha auchukue mche mmoja autazame. Shina lake fupi liwe nene kama penseli au zaidi. Mizizi iwe mingi na myeupe, si myeusi. Aukate shina kwa kisu, potelea mbali mche mmoja: ndani pawe peupe, akiona wekundu au rangi ya kahawia, ayarudishe maboksi. Aepuke kuupanda pale palipokuwa na pamba iliyonyauka, kwa kuwa uko mnyauko mmoja, Verticillium, unaoshika pamba na stroberi pia.

Na ile miche ya kuvushwa mpaka kwa basi aikatae. Mimea itokayo nje huingia kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na watu wa Simiyu wanajua kwa nini. Mikoa ya kusini ilikatazwa kulima pamba kwa ajili ya funza mwekundu, asipate njia ya kwenda kanda ya ziwa. Wakulima wa kusini walinyimwa zao zima ili mashamba ya akina Sola yasalimike. Ingekuwa aibu mwalimu wa shule kuleta wadudu ndani ya boksi.

Kuhusu ekari nzima, tulifanya hesabu. Ekari ya mikarafuu iliyopandwa kwa nafasi ya mita tisa huchukua miti kama 50. Ekari ya stroberi, matuta ya mistari miwili na sentimita 30 kutoka mche hadi mche, hutaka zaidi ya 20,000. Ukikosea karafuu umekosea mara hamsini. Ukikosea stroberi umekosea mara elfu ishirini, kwa mshahara wa walimu watatu. Apande 60. Thelathini za aina moja, thelathini za nyingine, chini ya kivuli chepesi na nyasi kavu juu ya udongo, aandike kila siku ya mavuno amechuma ngapi, na azipeleke Mwanza kwa basi lile lile aone zinafika vipi. Tunda hili likikaa siku mbili bila ubaridi huanza kulia machozi.

Sasa turudi nyumbani, maana tumemwambia kijana wa watu mengi ambayo wenyewe hatuyatendi. Mpeta ukikomaa na kuanguka, wangapi kati yetu huchagua mti? Twaokota maotea chini ya mkarafuu wowote ulio karibu na njia. Wako wanaosema kwamba mikarafuu yote ni ndugu, kwa kuwa ilitokana na miche michache iliyopitia Mauritius na Réunion, basi kuchagua ni kujisumbua. Ni kweli ni ndugu. Lakini ndugu hawafanani katika kuzaa, na kila mwenye shamba anaujua mti wake unaozaa hata mwaka wa uhaba, na ule unaosubiriwa bure. Tena, kama ni ndugu wote, ndiyo sababu zaidi ya kujihadhari: ugonjwa unaomwua mmoja unamjua na mwenziwe. Wazee waliokuwapo miaka ya 1940 na 1950, mikarafuu ilipokuwa ikifa ghafula hasa Unguja, walisimulia namna mti ulivyokauka na majani yake ukiwa umesimama.

Mwanachama mwenzetu mmoja alinunua miche mia kutoka kitalu ambacho hatutakitaja. Ilikuwa mirefu, majani yanang'aa. Mwaka wa tatu, kiangazi kilipokaza, ikaanza kufa mmoja mmoja. Alipoing'oa aliukuta mzizi mkuu umejiviringa kama nyoka, vile ulivyokuwa ndani ya mfuko mdogo uliochelewa kupasuliwa. Amepoteza miaka mitatu, na kwa mti unaongojwa miaka sita au saba kabla ya kuchumwa, hiyo ni karibu nusu ya safari. Hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza.

Maoni yetu ni kwamba chama kitake vitalu vyote vinavyouza au kugawa miche kwa wanachama viandike mambo mawili: mpeta uliokotwa chini ya mti gani, na siku gani ulipandwa. Tarehe ni muhimu kama mti, kwa kuwa mpeta hauwekeki. Ukikaa siku chache ukakauka, umekufa. Na katika kila shehia ichaguliwe mikarafuu michache inayojulikana kwa uzazi na afya, itiwe alama, na wenye mashamba walipwe kitu kwa kuiacha sehemu ya maua yao yakomae. Tunajua pingamizi: karafuu iliyoachwa kuwa mpeta ni karafuu isiyopimwa kwenye mizani, na hakuna mwenye mti mzuri atakayekubali kupoteza kilo zake kwa faida ya jirani. Hilo ni kweli, na ndiyo maana twasema alipwe.

Wanachama wenye miti ya namna hiyo walete majina ya mashamba yao kabla ya msimu. Barua ya Sola imekwisha pelekwa, na mzee wa Wete ameahidi kwamba hesabu ya ile miche 60 ikifika, nzuri au mbaya, ataileta hapa tuichape.