*HAKIMU NA MAMA LISHE: TUANDIKE, TUSITUKANE*



Tangu juzi simu zetu hazipumui kwa ujumbe kuhusu hakimu wa mahakama ya mwanzo na mama lishe wetu. Jana tumemsikiliza mama mwenyewe na kupitia daftari lake (anatunza hesabu kuliko baadhi yetu tunaodaiwa ada ya uanachama). Sahani 19 za wali hazijalipwa. Siku alipodai, anasema, alitukanwa mbele ya wateja na kuambiwa kibanda chake kitaondolewa. Hayo ni madai yake. Hakimu bado hajasikilizwa.

Jambo hili lisiishie kwenye "yaishe mama". Tarehe 31 Desemba 2011 jijini Nairobi, mlinzi wa jengo la maduka alilalamika kuwa Naibu Jaji Mkuu wa Kenya, Nancy Baraza, alimbana pua na kumtishia kwa bastola. Jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu wetu mstaafu, marehemu Augustino Ramadhani, lilipendekeza aondolewe, naye akajiuzulu Oktoba 2012. Lalamiko lilihusu tukio la siku moja, mahali pamoja. Hukumu zake hazikuguswa.

Hapo ndipo tunapokosea. Wapo walioanza kuchanganya suala la mama na kesi ya kiwanja tuliyoshindwa mwezi uliopita. Hukumu usiyoridhika nayo inakatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ukiichomeka kwenye barua ya maadili, barua nzima itasomwa kama hasira za aliyeshindwa, na mama ndiye ataumia.

Barua inakwenda Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama ngazi ya Wilaya, iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Tunajua mnachowaza: huyu huyu aliyetuzuia mkutano? Ndiyo, huyo huyo. Mpangilio huo hatuupendi na tutaendelea kuupinga. Lakini tusipopeleka barua, yeye hapungukiwi kitu. Mama anabaki na deni na vitisho. Ipelekwe, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa abaki nayo.

Barua iwe ya mama, siyo ya tawi, na isiwe na nembo ya chama. Iwe na tarehe, maneno kama yalivyotamkwa, na majina ya waliosikia. Mashahidi wawili wamekubali. Wa tatu anasita kwa sababu ana kesi pale pale, asisumbuliwe.

Picha za hakimu na sauti za matusi zifutwe leo. Aliyerusha picha ya watoto wake tumeshazungumza naye, na ameondolewa kwenye kundi.

Kesho saa 10 jioni mama atakuwa ofisi ya tawi. Mwenye mwandiko mzuri aje amsaidie. Daftari litolewe kivuli. Lenyewe lisitoke mkononi mwake.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi_