Mazungumzo ya Mwezi: Picha ya Bure na Wenyewe Wawili

Mwezi uliopita tulipata barua ndefu kutoka Ilembula, Wilaya ya Wanging'ombe, katika Mkoa wa Njombe. Aliyeiandika ni kijana mwenye duka dogo la kutoa nakala na kuchapa, karibu na njia iendayo hospitali ya Walutheri. Jina lake hatulitaji, kwani khabari yenyewe yamhusu mtu mwingine ambaye hakupenda kujulikana hata mara ya kwanza, nasi hatuoni vyema kumwongezea ya pili.

Kijana huyu huchapa kadi za arusi, kalenda za madrasa, matangazo ya mikutano, na lebo za bidhaa wanazozitengeneza watu wa huko: asali, unga wa lishe, na khasa mafuta ya alizeti. Wateja wake wapenda picha. Lebo isiyo na picha, asema, mteja huitazama kama risiti. Naye hana fedha za kununua picha kwa makampuni ya ng'ambo yaziuzayo kwa dola, wala hana kamera ya maana. Basi hufanya kama wafanyavyo vijana wengi: hufungua simu, akaandika neno, akachukua iliyompendeza.

Lakini safari hii alijitahidi kuwa mwangalifu. Alikwenda katika tovuti mojawapo zitoazo picha bure, akasoma masharti, akaona imeandikwa kuwa picha yaruhusiwa kutumika kwa biashara na wala si lazima kumtaja aliyeipiga. Akapata picha ya mama mmoja sokoni, ameinama juu ya ndoo, anacheka. Chini yake palikuwa na neno moja tu, Tanzania. Akaiweka katika lebo ya mafuta ya alizeti, akachapa lebo 500, mteja akafurahi, chupa zikaenda Makambako kuuzwa.

Wiki ya tatu mama yule akaingia dukani na chupa mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema kijana, kabla hajaitambua sura.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni nani?" Akaiweka chupa juu ya meza na kuigeuza lebo imwelekee.

Kumbe ni mwenyeji wa Makambako. Picha ilipigwa miaka kadhaa nyuma na mgeni mmoja mpita njia, naye alidhani mgeni yule anapiga picha ya soko. Kwa kazi aliyokuwa nayo mtandio ulikuwa umemshuka mabegani. Chupa ile ilinunuliwa na mkwewe, ikaletwa nyumbani, ikawekwa mezani mbele ya watu waliokuwa wakila. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Mimi sijauza mafuta maisha yangu, na kichwa changu hakijapata kuzunguka wazi katika nyumba za watu." Kisha akaondoka, akaiacha chupa.

Kijana atuuliza mambo mawili. Je, amekosa, ilhali alifuata masharti yote aliyoyaona? Na tangu sasa atapata wapi picha za bure zisizo na matata?

Tuanze na la kwanza, kwa sababu ndilo zito. Hatutoi fatwa hapa juu ya picha zenyewe. Wapo wanazuoni wasiozipenda picha za viumbe hata kidogo, na wapo waziruhusuo, na kila nyumba ina wa kumwuliza. Sisi twasema juu ya haki za watu tu.

Vijana wengi hudhani picha ina mwenyewe mmoja, naye ni aliyeipiga. Huyo kweli ni mwenyewe. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mpiga picha haki yake tangu pale picha inapopatikana, bila ya kungoja kuisajili po pote, na kwa kawaida haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hivyo picha isiyo na jina chini yake si picha isiyo na mwenyewe, kama vile ng'ombe asiye na alama si lazima awe hana mwenye zizi. Neno "bure" maana yake ni kwamba mpigaji ametoa rukhsa yake kwa masharti aliyoyaandika. Basi.

Lakini katika picha ya mtu yumo mwenyewe wa pili, naye ni yule ambaye sura ni yake. Mpigaji hawezi kuitoa rukhsa ambayo hakupewa. Tovuti kubwa za picha za bure, Unsplash iliyoanza mwaka 2013, na Pexels, na Pixabay, zote zaruhusu biashara; lakini msomaji akiendelea kusoma mpaka chini ataona wenyewe wamejikinga. Unsplash husema rukhsa yake haiwagusi watu wanaotambulika wala alama za biashara. Pexels hukataza kumwonyesha mtu kwa namna mbaya, au kufanya aonekane anaisifu bidhaa yako. Kijana wetu aliusoma mstari uliomrukhusu akaishia hapo. Hatumcheki, kwani nani kati yetu ausomaye mkataba wa simu mpaka mwisho?

Na sheria ya nchi nayo ina neno. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, izilindazo khabari za mtu anayeweza kutambulika. Na ni khabari gani imtambulishayo mtu upesi kuliko uso wake? Hata hivyo sisi hatukumjibu kijana kwa vifungu vya sheria. Tulimjibu kwamba mama amekwisha kusema, na kwamba lebo zibanduliwe, ziwe zilizoko ghalani na zilizoko madukani, na gharama wazungumze yeye na mteja wake. Masharti ya tovuti yaweza kumwokoa mbele ya mpiga picha. Mbele ya mama yule hayana kazi.

Sasa la pili, na hapa tuna mengi ya furaha, kwa maana hazina ya picha halali ni kubwa kuliko vijana wetu wanavyodhani.

Mwaka 2001 huko Marekani iliundwa jumuiya iitwayo Creative Commons, na mwishoni mwa mwaka 2002 ikatoa leseni zake za kwanza, ambazo mtu hubandika katika kazi yake ili watu wajue la kufanya bila ya kumwandikia barua. Leseni hizo zajulikana kwa herufi, na kijana wa duka la kuchapa yampasa azijue kama ajuavyo ukubwa wa karatasi. Akiona BY, ataje jina la mpigaji. Akiona SA, kazi atakayoitunga kutokana na picha ile aitoe kwa masharti yale yale. Akiona ND, asiigeuze: asiikate, asiitie maandishi juu yake. Na akiona NC, aiache kabisa kwa shughuli za duka, kwani si ya biashara, na lebo ya mafuta ni biashara hata ikiwa faida ni shilingi kumi. Iliyo nyepesi kuliko zote ni CC0, ambayo mwenyewe ameachilia haki zake zote.

Mahali pa kwanza tunapopasifu ni Wikimedia Commons, ghala lililofunguliwa mwaka 2004. Ghala hili halipokei picha isiyoruhusiwa katika biashara, na kila picha ina ukurasa wake wenye jina la mpigaji na leseni. Huko zimo hata picha kuukuu za nchi yetu. Hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Bundesarchiv, ilitoa karibu picha 80,000 mwezi wa Desemba 2008, na miongoni mwake zimo kazi za Walther Dobbertin, aliyepiga picha katika nchi hii wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwenye kutaka kuchapa kitabu kidogo cha historia kwa shule atafaidika. Ila tazama jambo moja: jina la mpigaji limehifadhiwa vizuri, na majina ya babu zetu waliosimama mbele ya kamera mara nyingi hayamo. Khabari ya mama wa Makambako haikuanza leo.

Kwa kadi za arusi na kalenda za Ramadhani twapendelea pengine. Jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York liliziachilia picha zaidi ya 375,000 kwa CC0 mwezi wa Februari 2017, na humo mna vigae vya misikiti, mazulia, nakshi za mbao na kurasa za misahafu ya kale, vyote vizuri ajabu. Fundi wa kadi aweza kuchukua ukingo wa zulia la kale akauzungushia majina ya bwana na bibi arusi bila ya kuogopa mtu. Aya za misahafu lakini aziache mahali pake. Kadi ya arusi huishia jaani, na mfuko wa sukari huishia jikoni kuwashia moto. Atakaye picha ya mwezi kwa kalenda yake, azitazame za NASA, ambazo kwa kawaida hazina hakimiliki. Nembo ya NASA tu ndiyo isichukuliwe.

Google wengi huidhani kuwa ni ghala, nayo ni dalali tu: hukuonyesha mali ya watu. Katika sehemu ya picha, palipo na zana za kutafutia, unaweza kuitaka ikuonyeshe zenye leseni za Creative Commons peke yake. Kisha fungua ukurasa wenyewe ukahakikishe, kwani dalali hukosea. Na ukishapata picha, hifadhi pamoja nayo jina la mpigaji, leseni, na tarehe uliyoichukua. Daftari la mashuleni latosha.

Maelezo yaliyo chini ya picha za bure nayo yasiaminiwe upesi. Nasi tulipata kuaibika. Katika gazeti hili tuliwahi kuchapa picha ya magofu ya msikiti, tukaandika Kilwa Kisiwani, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa tulikoitoa. Mzee mmoja msomaji wetu wa Malindi akatuletea mistari miwili: kuta zile ni za Gedi, na yeye alikuwa akichunga mbuzi hapo utotoni. Tulisahihisha mwezi uliofuata kwa herufi ndogo, na hilo nalo halikuwa jambo la kujivunia.

Siku hizi pia kuna picha zinazotungwa na mashine kwa amri ya maneno. Kwa pambo, labda. Lakini kumweka mkulima asiyezaliwa katika shamba lisilokuwako, kisha ukamwambia mnunuzi kuwa haya ni mafuta yetu, hilo twaliita udanganyifu katika mauzo, na vidole sita si kosa lake kubwa.

Na kwa kweli picha za bure zina upungufu ambao hauponywi na leseni yo yote. Andika neno Tanzania katika tovuti hizo, aghalabu utaletewa twiga, Mlima Kilimanjaro, fukwe za Unguja, na vijana wa Kimasai wakiruka. Utamwona wapi mama wa Kibena amejitanda blanketi asubuhi ya Julai, au malori yakiacha barabara ya Mbeya pale Makambako na kushika njia ya Njombe na Songea, au parachichi zikipangwa katika makreti? Anayetaka kuuza mali ya Ilembula kwa picha ya Ilembula hana budi kuipiga mwenyewe. Simu aliyonayo mfukoni yatosha kwa lebo ya chupa. Apige saa moja au saa kumi na moja, jua likiwa chini, afute kioo cha kamera kwa kitambaa safi, asogee karibu. Na akimtaka mtu, amwombe kwanza, amweleze picha itakwenda wapi na kwa biashara ya nani, ampe muda wa kujitengeneza na kuvuta mtandio wake, kisha wote wawili waweke sahihi katika karatasi yenye mistari mitatu. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya jamaa yake. Akikataa, amekataa.

Kabla gazeti hili halijakwenda mtamboni kijana alituandikia tena. Mteja aligoma siku mbili, kisha akakubali kuchukua nusu ya hasara. Lebo mpya ina picha ya shamba la alizeti la mjomba wake, aliyoipiga kwa simu msimu uliopita na kuisahau humo humo simuni wakati wote alipokuwa akihangaika kutafuta za bure mtandaoni. Chupa nyingi zimekwisha kubanduliwa lebo. Kila Alhamisi hupanda basi kwenda Makambako kuzitafuta zilizosalia madukani, na mpaka anaandika zilikuwa 43 zisizojulikana ziliko. Ile aliyoiacha mama juu ya meza aliibandua lebo, akaisafisha, akampelekea nyumbani kwake, na mkwewe alikuwapo.