VIUMBE VYA MOLA WETU: Pomboo wa Mto Indus

Wasomaji wetu wa pwani wamjua pomboo wa baharini. Yuko pia pomboo aishiye mtoni, katika mto Indus nchini Pakistan, kwa ndugu zetu Waislamu. Huyo ni kama kipofu. Apambanua mwangaza na giza tu. Maji ya Indus ni ya tope, naye hutafuta njia na samaki kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Subhana Llah!

Zamani alienea tangu penye delta ya mto mpaka karibu na milima. Leo makao yake yamepungua kwa asilimia 80 kuliko yalivyokuwa miaka ya 1870. Mtu aweza kudhani kwamba wawindaji ndio waliommaliza. Waliwinda, ndiyo, lakini sababu kubwa ni maji. Vilijengwa vizuizi vyenye milango, kama kile cha Sukkur cha mwaka 1932 na cha Guddu cha mwaka 1962, ili maji yaende mashambani kwa mifereji. Indus na mito iingiayo humo ikakatika mapande 17, na katika mapande 10 pomboo hayuko tena. Kiangazi maji hupungua, nao hawawezi kuwaendea wenzao. Wengine hupenya milangoni wakaingia mferejini, na mfereji ufungwapo ili usafishwe, hukwama. Wengine hunaswa na nyavu wakafa kwa kukosa pumzi, kwani pomboo si samaki. Hana budi kupanda juu kuvuta hewa.

Hatusemi kwamba mifereji ni haramu. Mamilioni ya watu hula ngano na mchele wa maji hayo, wala mkulima hana kosa kutaka shamba lake linywe. Lakini maji mengi hupotea bure njiani, na hilo ndilo twaliona zito. Mtoto wa chuoni, kabla hajamaliza juzuu ya Amma, amekwisha kufunzwa kwamba israfu ya maji katika udhu ni makuruhu, ijapokuwa atawadha ukingoni mwa mto. Je, akiisha kuwa mkubwa, akakabidhiwa mto mzima, fundisho lile huenda wapi?

Kule Uchina, mwaka 2006, pomboo wa mto Yangtze alitafutwa kwa majuma sita, asionekane hata mmoja. Pakistan haijafika huko. Tangu miaka ya 1990 pomboo waliokwama mferejini huopolewa, wakachukuliwa wakimwagiwa maji njiani mpaka mtoni. Mwaka 2001 walikisiwa kuwa zaidi kidogo ya 1,000. Mwaka 2017 walikaribia 2,000. Wengi wao wamo baina ya Guddu na Sukkur, kizuizi mbele na kizuizi nyuma.